Adabu za Mtoto Anapotembelea Majirani Siku ya Sikukuu: Afunzwe Nyumbani Kabla ya Kutoka au Akumbushwe Mlangoni?

Mwenye nyumba ameinama, amemkabidhi mtoto zawadi, na mtoto anaikodolea macho zawadi hiyo bila kutamka neno. Nyuma yake mzazi ameanza kuhangaika: "Haya, unasemaje? Unamwambia nini bibi?" Mtoto ananong'ona neno linalofanana na asante, bibi anacheka, na msafara unahamia nyumba ya pili, ambako mambo yanajirudia vilevile. Wazazi wengi hufunza adabu za kutembelea majirani kwa njia hii, tena si kwa kuwa wameichagua bali kwa kuwa imewakuta hapo walipo. Njia nyingine ni kumwandaa mtoto nyumbani siku chache kabla, kwa mazungumzo na maigizo mafupi, ili afike mlangoni akijua la kufanya. Makala haya yanaziweka njia hizo mbili pamoja kwa ajili ya mzazi anayetaka kuamua aweke wapi nguvu zake, maana siku yenyewe ya sikukuu haina nafasi ya kufanya kila kitu. Niseme mapema kwamba mimi naegemea maandalizi ya nyumbani, ingawa si kwa kila umri wala kwa kila adabu.

Kinachotokea mlangoni

Mwaka 1976 wataalamu wawili wa lugha ya watoto nchini Marekani, Jean Berko Gleason na Sandra Weintraub, walichapisha utafiti uliofanyika usiku wa Halloween, sikukuu ya tarehe 31 Oktoba ambayo watoto huzunguka nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Walirekodi maneno ya watoto zaidi ya 100 waliobisha milango. Wadogo kabisa mara nyingi walisimama kimya, na wakubwa ndio walioweza kutamka ombi na shukrani kwa ukamilifu. Hata hivyo, lililo muhimu kwetu ni namna watu wazima walivyofunza. Mzazi anapomfundisha mtoto jina la kitu, hujali kama mtoto ameelewa kinachotajwa. Lakini ilipofika zamu ya maneno ya adabu, alichodai mzazi ni kwamba neno litamkwe, naye hakujishughulisha kueleza maana yake.

Miaka minne baadaye Gleason, safari hii akiwa na Esther Greif, aliwachunguza watoto wa miaka 2 hadi 5 waliokuwa pamoja na wazazi wao. Msaidizi wa utafiti aliingia, akamsalimu mtoto, akampa zawadi ndogo, kisha akaaga. Kati ya salamu, shukrani na kuaga, shukrani ndiyo iliyotoka kwa nadra zaidi pasipo mtoto kusukumwa, na ndiyo ambayo wazazi waliidai kwa msisitizo mkubwa kuliko zote. Walipodaiwa, watoto walio wengi walitii.

Kwa hiyo anayesema kwamba ukumbusho wa mlangoni hauna faida anakosea. Unafanya kazi, tena papo hapo: neno linatoka, mwenyeji anaridhika, na mtoto anaona kwa macho yake kwamba neno hilo lina mahali pake katika tukio. Mashaka yangu yapo kwenye kile ambacho mtoto anajifunza zaidi ya neno lenyewe. Mtoto aliyekumbushwa katika nyumba kumi mfululizo anaweza kuelewa kwamba shukrani huanzia kwa mama, kwamba wajibu wake ni kungoja ishara, na kwamba pasipo na ishara hapana wajibu. Tena ukumbusho huo husemwa mbele ya watu. Mtoto wa miaka mitatu haoni tabu, lakini wa miaka minane hufedheheka, na akifedheheka huinamisha kichwa au huchukia ziara nzima. Basi mzazi aliyetaka kuonyesha kwamba mwanawe amelelewa vizuri anakuwa ametangaza kinyume chake.

Kinachotokea nyumbani

Maandalizi hayahitaji darasa wala hotuba. Dakika kumi kwa siku, kwa siku tatu au nne kabla ya sikukuu, zinatosha. Mzazi anaingia chumbani na kufunga mlango, mtoto anabisha hodi; asipoitikiwa anangoja, anabisha tena, na kimya kikizidi anaondoka bila kuchungulia dirishani. Mlango ukifunguliwa anasalimia kwanza, anajitambulisha, anangoja kukaribishwa ndiyo aingie. Akipewa kitu anashukuru huku akimtazama aliyempa, na wakati wa kuondoka anaaga. Baadaye wanabadilishana nafasi: mtoto anakuwa mwenyeji na mzazi anakuwa mgeni, tena mgeni asiye na haya, anayepita moja kwa moja hadi chumba cha kulala, anayefungua kabati, anayeuliza kama hakuna zawadi kubwa zaidi. Watoto hucheka sana katika sehemu hii, na hiyo ndiyo sehemu inayofunza kuliko zote, kwa sababu mtoto anaionja karaha ya mgeni wa namna hiyo akiwa upande wa mwenyeji, jambo ambalo hakuna ukumbusho wa mlangoni unaoweza kumpa.

Ipo sababu nyingine ya kuyapendelea mazoezi haya. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, katika makala yake maarufu ya mwaka 1999, alieleza kwamba nia ya jumla ni dhaifu ikilinganishwa na mpango uliofungwa kwenye tukio mahususi, mpango wa aina ya "likitokea hili, nitafanya lile". Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilihusu watu wazima, lakini mzazi yeyote ataona inavyohusika hapa. Agizo la "uwe na adabu huko tuendako" halimwambii mtoto afanye nini, wakati "mlango ukifunguliwa, salimia kabla hujasema jambo lingine" linamwonyesha wakati na tendo.

Njia hii nayo ina kasoro yake, nami niliigundua kwa aibu. Nilipomwandaa mwanangu akiwa na miaka 4, nilirudia mno neno asante hata siku ilipofika akalitamka kwa sauti kubwa mlango ukiwa bado unafunguliwa, na jirani akabaki ameduwaa, akijiuliza ni kitu gani alichokwisha kutoa. Nilikuwa nimemkaririsha maneno, sikuwa nimemzoeza mfuatano wa mambo. Maigizo yanayorudiwa kwa sura ileile hutoa kasuku. Inafaa yabadilishwe kila mara: leo mwenyeji ni mzee asiyesikia vizuri, kesho ni mtu mwenye haraka, keshokutwa mlango unafunguliwa na mtoto mwenzake.

Zawadi isiyopendeza

Hapa njia hizo mbili zinaachana kabisa, na hapa ndipo mzazi anapopaswa kutumia muda mwingi zaidi kuliko kwenye salamu, ambazo mtoto atazizoea tu kadiri anavyokua.

Mtoto amepewa kitu asichokipenda, au alicho nacho tayari, au kidogo kuliko alichopewa mwenzake nyumba ya jirani. Mwaka 1984 mtafiti Carolyn Saarni alichapisha uchunguzi wake juu ya watoto wa umri wa shule ya msingi waliotazamia kupewa zawadi nzuri kisha wakakabidhiwa kichezeo cha watoto wachanga. Wadogo walionyesha wazi kwamba wamevunjika moyo. Wakubwa, na hasa wasichana, waliweza zaidi kuuficha mfadhaiko huo mbele ya aliyewapa. Uwezo huu basi hukua polepole, na mzazi asimlaumu mtoto wa miaka mitano kwa sura iliyonuna kana kwamba amefanya ufidhuli kwa makusudi.

Ukumbusho wa mlangoni hauna msaada wowote hapa. Mzazi anapotambua kwamba uso wa mtoto umebadilika, mwenyeji naye amekwisha kuuona, na kumkemea mtoto wakati huo ni kulipigia jambo tarumbeta. Jambo hili halina budi kuandaliwa nyumbani, na lizungumzwe kwa uwazi: "Utapewa vitu vingi. Baadhi havitakupendeza. Utafanya nini?" Kisha lifanyiwe igizo, mtoto akabidhiwe kwa heshima kubwa soksi kuukuu au kijiko, naye ajaribu kushukuru bila kuangua kicheko.

Wazazi waangalifu huuliza swali la haki katika hatua hii: je, huku si kumfunza mtoto kusema uongo? Jibu langu ni kwamba inategemea maneno anayofunzwa. Ukimwagiza aseme "nimeipenda sana" wakati hakuipenda, umemfunza uongo, hata kama ni mdogo na wenye nia njema. Ukimfunza aseme "asante kwa kunikumbuka", umempa sentensi ya kweli, kwa kuwa kukumbukwa amekumbukwa. Tofauti hiyo mtoto wa miaka sita anaielewa vizuri kuliko tunavyodhani, na huipokea kwa faraja, maana haachwi kati ya amri mbili zinazogongana, ya kusema kweli na ya kumpendeza mwenyeji. Lililobaki, yaani kunung'unika, liahirishwe hadi nyumbani. Mtoto aelezwe waziwazi kwamba huko anaruhusiwa kusema "sikuipenda", na ruhusa hiyo iwe ya kweli. Wapo wazazi wanaoitoa asubuhi na kuifuta jioni.

Yasiyoweza kuandaliwa

Ukumbusho una eneo lake ambalo igizo haliwezi kulifikia, nalo ni yale yasiyotabirika. Mnafika nyumba ambayo kuna mgonjwa amelala sebuleni. Mnabisha kwa watu waliofiwa hivi karibuni, ambao sikukuu yao mwaka huu si sikukuu. Mwenyeji amechoka, anajibu kwa mkato, na ni dhahiri kwamba angependa wageni waondoke. Kuisoma hali kama hiyo ni adabu ya ngazi ya juu kuliko salamu, na mtoto hujifunza kwa kumwona mtu mzima akiisoma na kumwelekeza palepale.

Suala ni namna ya kumwelekeza, na hapa nashauri mabadiliko madogo yenye tija kubwa: ukumbusho usogezwe mbele kwa dakika moja. Badala ya kumkumbusha mtoto mlango ukiwa wazi na mwenyeji akisikiliza, msimame kidogo kabla ya kubisha, mzazi ainame hadi usawa wa uso wa mtoto, amwambie kwa sauti ya chini mambo mawili tu: "Hapa pana mzee, ongea taratibu. Na hatutakaa." Mambo mawili yanatosha, kwani la tatu atalisahau. Ukumbusho wa namna hii una nguvu zote za ukumbusho wa mlangoni bila fedheha yake, na unamwachia mtoto heshima ya kufanya jambo jema mwenyewe. Mkishaingia ndani, mzazi apunguze maneno na atumie ishara ambayo wawili hao wameafikiana nyumbani, kama vile kugusa bega.

Anapotembea na wenzake

Yote yaliyotangulia yanachukulia kwamba mzazi yupo. Kuanzia miaka tisa au kumi hivi, watoto hutaka kuzunguka na wenzao, na hapo ukumbusho wa mlangoni unakufa wenyewe kwa kukosa mkumbushaji. Kinachobaki ni kile alichotoka nacho nyumbani.

Utafiti mmoja wa huko Seattle, mji wa Marekani, unaeleza hatari ya wakati huo kwa namba zinazostaajabisha. Ed Diener na wenzake, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1976, waliandaa nyumba 27 kwa ajili ya usiku wa Halloween na kuwafuatilia kwa siri watoto zaidi ya 1,300. Mwenyeji aliwaambia watoto wachukue peremende moja kila mmoja, kisha akatoka chumbani. Baadhi ya watoto waliulizwa majina yao na mahali wanapoishi. Wengine hawakuulizwa chochote. Miongoni mwa watoto waliokuja peke yao na kuulizwa majina, waliochukua zaidi ya ruhusa walikuwa takribani 8 katika kila 100. Miongoni mwa waliokuja kwa kundi bila kuulizwa majina, walikuwa takribani 57 katika kila 100. Mwaka 1979 baadhi ya watafiti haohao walirudi na jaribio jingine, wakaweka kioo mahali ambapo mtoto angejiona anapochukua. Walioulizwa majina na kisha kujiona kiooni walizidisha kwa nadra zaidi kuliko walioulizwa majina pasipo kioo.

Mimi nasoma matokeo hayo kama hoja ya kujitambulisha. Tumezoea kuiona sentensi "mimi ni fulani, mtoto wa fulani, tunakaa nyumba ile" kama pambo la mazungumzo, jambo linalowafurahisha wazee, kumbe mtoto aliyekwisha kulitaja jina lake ndani ya nyumba ya mtu hawezi kujificha tena kirahisi ndani ya kundi. Kwa mzazi anayeandaa mtoto wa umri huu, sentensi hiyo moja ina thamani kuliko orodha ndefu ya makatazo. Wazazi wa kundi zima wakikubaliana kuwafunza watoto wao wote jambo hilohilo, ni bora zaidi, kwa sababu katika uchunguzi huo wa Seattle ilionekana pia kwamba wa kwanza katika kundi huwavuta wenzake: akizidisha yeye, nao huzidisha. Mtoto aliye mtulivu zaidi basi atangulie mlangoni.

Ahadi na vitisho

Baadhi ya wazazi huziruka njia zote mbili na kufanya biashara: "Ukiwa na adabu leo, nitakununulia unachotaka." Siipendekezi. Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walionyesha mwaka 1973 kwamba watoto wa chekechea waliopenda kuchora, walipoahidiwa tuzo kwa kuchora, baadaye walichora kidogo kuliko wenzao wasioahidiwa. Mwaka 2008 Felix Warneken na Michael Tomasello waliona jambo la jamii hiyo kwa watoto wa miezi 20: waliopewa zawadi kwa kumsaidia mtu walipunguza kusaidia zawadi zilipokoma, ilhali waliosifiwa kwa maneno hawakupunguza. Siku ambayo tayari imejaa zawadi haihitaji malipo ya ziada kwa ajili ya salamu. Sifa fupi ya jambo mahususi, "nilikuona ulivyomngoja bibi hadi akamaliza kuongea", inatosha. Vitisho vya "utaniona tukirudi" havihitaji maelezo marefu. Mtoto mwenye hofu humtazama mzazi wake, hamtazami mwenyeji.

Nani achague nini

Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, maigizo ni mchezo tu na hayana haja ya kuchukuliwa kwa uzito. Mzazi amsemee: "Tunashukuru sana," aseme yeye kwa niaba ya wote wawili, na asimshurutishe. Kati ya miaka mitatu na saba maandalizi ya nyumbani yanalipa kuliko wakati mwingine wowote, yakiungwa mkono na ukumbusho wa dakika moja kabla ya kila mlango, angalau katika nyumba tatu za kwanza. Baada ya hapo mzazi ajaribu kunyamaza aone kinachotokea. Kuanzia miaka minane, ukumbusho wa hadharani uachwe kabisa, na mazungumzo ya nyumbani yahame kutoka kwenye maneno ya kusema kwenda kwenye hali za kutafakari: ungefanya nini kama mwenzako angechukua viwili?

Mtoto mwenye haya ni suala la pekee. Kwake mlango unapofunguliwa ni kama jukwaa linapofunguka, na sauti ya mzazi inayosema "salimia basi" humzidishia kigugumizi. Igizo humsaidia zaidi kuliko humsaidia mtoto mchangamfu, mradi apewe pia njia mbadala aliyokwisha kuikubali: kama sauti haitoki, atoe mkono, au ainamishe kichwa na kutabasamu. Aanze kwa jirani anayemfahamu vizuri. Mtoto mchangamfu kupita kiasi ana tatizo la kinyume, yaani kuongea kabla ya mwenyeji na kuomba kabla ya kupewa, na huyo ndiye anayenufaika zaidi akipewa nafasi ya mwenyeji katika igizo.

Mzazi ambaye kweli hana siku tatu wala dakika kumi asikate tamaa. Njia iliyobaki kwake ni mwenendo wake mwenyewe. Katika uchunguzi wa Greif na Gleason nilioutaja juu, kina mama walimshukuru na kumuaga yule msaidizi mara nyingi zaidi kuliko kina baba, ingawa wote walidai shukrani kutoka kwa watoto wao. Mtoto anayesikia baba yake akidai neno ambalo baba mwenyewe hakulitamka amefunzwa mambo mawili yanayopingana kwa pumzi moja. Mzazi ashukuru kwanza, kwa sauti inayosikika, naye mtoto mara nyingi atafuata bila kuambiwa.

Na ikiwa pamoja na maandalizi yote mtoto amesahau, amepokea na kukimbia, mzazi asimrudishe mbio mbele ya wageni wengine. Kesho yake, nyumba ikiwa imetulia, waende wawili hadi kwa jirani yule, mtoto abishe mwenyewe na kusema alichokisahau. Jirani atashangaa kidogo, pengine atamkaribisha ndani, na mtoto atakaa dakika tano akiongea na mtu ambaye jana alikuwa kwake ni mkono tu uliotoa zawadi.